Kurudisha funguo za gari la serikali

Kikao cha harusi kilifanyika kwenye baa moja ya Kihonda, hapa Morogoro, ile sehemu ya nyuma yenye viti vya plastiki na feni moja. Mweka hazina alishafungua daftari la ahadi, soda zilishagawiwa, na mwenyekiti akataka tuanze na utambulisho kama ilivyo ada: jina, unakotoka, shughuli unayofanya, uhusiano wako na bwana harusi.

Zamu ikafika upande wetu. Baba mdogo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akataja majina yake matatu. Akasema anaishi Kihonda. Kisha akasema, "Mimi ni dereva wa ofisi ya..."

Akaishia hapo.

Hakukaa. Alibaki wima, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele yake, anasubiri sijui nini. Kijana mmoja wa nyuma akaropoka, "Mstaafu!" Watu wakacheka. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akaongeza, "Karibu mzee wetu, wastaafu ndio wenye hela mjini," watu wakacheka zaidi na mweka hazina akajifanya anaandika. Baba mdogo akacheka nao, akakaa.

Kipengele cha nne hakukifikia. Bwana harusi ni kaka yangu. Amelelewa nyumbani kwa baba mdogo tangu darasa la tano mpaka alipomaliza kidato cha nne. Sare za shule kanunuliwa na baba mdogo, bakora kapigwa na baba mdogo. Baba yetu mzazi hayupo tena, kwa hiyo mtu mwenye haki ya kusimama mbele ya kamati ile na kusema "mimi ni baba yake" alikuwa yeye. Alikaa kabla ya kulisema.

Harusi ikafanyika, ikaisha, madeni ya ukumbi yakalipwa. Mimi bado nilikuwa na lile swali la mwenyekiti: shughuli unayofanya.

Mtu wa SM

Aliyewahi kuishi makao makuu ya wilaya anajua dereva wa mkurugenzi wa halmashauri ni nani. Yeye ndiye anayejua korongo gani linakata barabara masika, na mgahawa gani wa njiani ukila mchuzi wake huumwi tumbo. Yeye ndiye anayesema "kesho saa kumi na moja alfajiri tuwe barabarani" na afisa mwenye shahada mbili anaitikia. Gari lenye namba za SM, yaani Serikali za Mitaa, likiingia kijijini, watoto wanalikimbilia, mwenyekiti wa kijiji anaenda mlango wa nyuma, na wazee wenye akili wanaenda dirisha la dereva. Wakurugenzi huletwa na kuhamishwa. Dereva yupo.

Baba mdogo alikuwa yupo kwa muda mrefu sana. Cheti chake cha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, kimewekwa kwenye fremu sebuleni, juu ya picha ya ndoa. Juu, sijakosea kuandika.

Siku ya mwisho alikabidhi vitu kwa orodha: funguo, jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, pembetatu za tahadhari, kitabu cha safari za gari. Vikahesabiwa, ikasainiwa, naye akasaini. Mama mdogo anasimulia kwamba alirudi nyumbani kwa bodaboda, na kabla hajavua viatu alishaanza kumlalamikia yule kijana kwa kukata kona bila kuwasha indiketa.

Mpaka leo ukipanda naye daladala atakaa kiti cha mbele, na mguu wake wa kulia utakuwa unakanyaga breki ambayo haipo.

Semina

Nisieleweke vibaya, alistaafu vizuri. Alifikisha miaka 60 kwa mujibu wa sheria, nyaraka zake zilikuwa kamili tangu barua ya ajira ya kwanza, mafao yakatoka. (Kikokotoo cha mafao tumekijadili mpaka koo zikakauka, sitakirudia hapa.) Alipelekwa hata semina ya wastaafu watarajiwa, akarudi na begi, kalamu na makabrasha. Makabrasha hayo nimeyasoma yote. Kuna kuku wa mayai, kuna nyuki, kuna hati fungani, kuna shinikizo la damu na kisukari, kuna matapeli wanaopiga simu na kujifanya watu wa mfuko wa pensheni. Ni mambo ya maana, na hilo la matapeli ningependa lisomwe kila Jumapili kanisani.

Sikuona ukurasa hata mmoja unaomwandaa mtu kwa swali la mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Na tunajua swali hilo halikwepeki. Zahanati wanaliandika kwenye kadi. Benki limo kwenye fomu. Ukipanda basi la Dodoma jirani yako atakuwa ameshakuuliza kabla hamjafika Dumila. Kwetu kumuuliza mtu anafanya kazi gani ni adabu, ni kumfungulia mlango wa mazungumzo, na jibu lake ndilo linalotuambia tumwite nani, tumpe kiti gani, tumwombe nini.

Miezi ya kwanza alikuwa na majibu ya mzaha. "Niko likizo ndefu." "Namwendesha mama mdogo wako." Mizaha ikaisha. Akaanza kukataa kwenda kwenye shughuli. Akaacha kijiwe cha kahawa alichokuwa akikaa kila Jumamosi. Anaamka saa kumi alfajiri, ananyoa ndevu, anavaa shati la mikono mirefu, anakaa barazani hadi jua linapomfuata pale alipo, kisha anahamisha kiti.

Kila mtu na mpango wake

Familia ikafanya kile familia inachojua kufanya. Tukampa mapendekezo.

Mama mdogo alitaka wafungue duka la vinywaji, apate pa kushinda na aache kumsahihisha jinsi ya kupanga vyombo. Binamu yangu mkubwa alitaka zile pesa zimalizie vyumba vya nyuma vya kupangisha. Mdogo wake alitaka inunuliwe Noah, mzee aiendeshe mwenyewe njia ya Mikumi. Mchungaji alitaka mzee wa kanisa. Mwenyekiti wa mtaa alitaka mjumbe mtulivu ambaye hanywi. Mimi nilitaka aniambie kumbukumbu zake za barabarani, niziandike hapa kwenye blogu.

Hakuna pendekezo baya hapo. Lakini nilipoyaweka yote pamoja niliona kitu kilichonikosesha raha kwa wiki kadhaa: kila mmoja wetu alikuwa na chake cha kupata. Tulimwuliza "sasa baba unataka kuwa nani?" huku kila mtu ameshika jibu mkononi. Yeye amekaa kwenye usukani miaka yote akiwasoma watu kwa kioo cha ndani. Alituona.

Hapo ndipo wazo la mtu wa nje lilipoanza kuniingia akilini. Sikumaanisha mtu mwenye hekima zaidi yetu, maana shangazi zangu wana hekima ya kugawa. Nilimaanisha mtu ambaye baba mdogo akifungua duka hapati soda ya bure, na asipofungua hakosi.

"Kwani nimepima?"

Aliyelitamka hasa ni shangazi, muuguzi mstaafu. Yeye ukimwuliza kuhusu kustaafu anasema hakustaafu, alibadilishiwa zamu tu, maana mtaa mzima bado unamgongea mlango usiku mtoto akipata degedege. Alisema kaka yake anahitaji ushauri nasaha.

"Ushauri nasaha?" akasema baba mdogo. "Kwani nimepima?"

Nilicheka, halafu nikaona ana sababu. Kwetu huduma hiyo iliingia mitaani pamoja na Ukimwi. WAMATA, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, ilikuwa miongoni mwa vikundi vya mwanzo kukaa na watu wanaoishi na virusi na familia zao na kuzungumza nao. Mwaka 2001 vikaja vituo vya ANGAZA chini ya shirika la afya la AMREF: unaingia, unazungumza na mshauri, unapima kwa hiari, unazungumza tena. Mtu wa umri wa baba mdogo akisikia ushauri nasaha anaona chumba kidogo, boksi la kondomu mezani, na karatasi ya majibu iliyokunjwa. Asipoona hivyo, anaona Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma imekuwepo tangu miaka ya 1920 na imetibu watu wengi, nasi jina lake tumelifanya tusi.

Mshauri tuliyempata ni wa kizazi hicho hasa. Ni mama mtu mzima aliyeanza kazi miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini, jambo lililokuja 2004. Nilikwenda kumwona peke yangu kwanza, nikamwamkia, nikamweleza.

"Wakati ule hatukuwa na kidonge cha kumpa mtu," akaniambia. "Tulikuwa na kiti na muda. Mtu anaingia hapa ni fundi cherehani, ni baba wa watoto wanne, ni mpiga tarumbeta wa kanisa. Anapewa karatasi, anatoka nje ni mgonjwa, basi, hana kingine. Kazi yetu ilikuwa kuyashikilia yale mengine yasifutike."

Nikamwuliza kama mstaafu analinganishwa vipi na mtu aliyepewa majibu yale.

"Hawalingani," akasema. "Ila karatasi ni karatasi."

Baadaye niliposoma kidogo nikakuta hilo si geni. Mgogoro wa utambulisho, ambao siku hizi tunawabandika vijana wa kidato cha tatu wenye mitindo ya nywele, mwanasaikolojia Erik Erikson alianza kuuzungumzia kwa sababu ya askari wa Marekani waliokuwa wakitibiwa San Francisco wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walikuwa wanaume wazima. Wamerudi kutoka vitani, majina yao wanayajua, na bado wamepoteza ile hisia kwamba mtu wa jana na mtu wa leo ni mmoja. Vijana walifuata baadaye. Erikson mwenyewe alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, baba yake mzazi hakumjua, akakua na jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 ndipo akajipa hilo la Erikson. Sishangai kwamba ni mtu wa namna hiyo aliyelitazama jambo hili kwa makini.

Baba mdogo alikubali kwenda mara moja tu, kwa sharti kwamba nisimwambie mchungaji.

Karatasi ya manila

Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Makala ameisoma kabla yenu na amefuta aya mbili.

Mshauri alitumia njia iitwayo Mti wa Maisha. Imetoka huku huku Afrika: Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia wa Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough wa Australia, waliitengeneza kwa ajili ya kazi na watoto walioguswa na Ukimwi, ili mtoto asilazimike kuusimulia msiba wake kabla hajapata pa kusimama. Unachora mti. Kwenye mizizi unaandika ulikotoka na waliokulea. Kwenye ardhi, unachofanya sasa wiki hadi wiki. Kwenye shina, unachokijua na unachokithamini. Matawi ni matarajio. Majani ni watu wako muhimu, walio hai na waliokufa. Matunda ni vitu ulivyopewa na wengine.

Alipopewa karatasi ya manila na kalamu za rangi alikaribia kuondoka. "Mama, mimi si mtoto wa chekechea." Mshauri akamwambia achore hata kwa kalamu ya wino, hata mgomba, ilimradi uwe na mizizi. Akachora mwembe.

Mizizi ilimpeleka vizuri. Kimamba, mkonge, baba yake na kisu cha kukatia, bibi aliyemfundisha kusema asante kwa mikono miwili. Aliandika hadi akageuza karatasi pembeni.

Ardhi ilimshinda. Alikaa. Akaandika "ibada". Akakaa tena. Kalamu ikaishia hapo, na mshauri hakumsaidia. Mimi ningekuwepo ningesema "na bustani, baba mdogo, umesahau zile mchicha." Ndiyo maana sikuwepo.

Kwenye majani akaandika majina ya wakurugenzi wake, kwa mpangilio wa vipindi vyao, na mheshimiwa mmoja. Mshauri akayasoma polepole, kisha akauliza, "Baba, kati ya hawa, nani anamjua mke wako kwa jina?"

Akafikiri. Mmoja.

Hakuyafuta. Hilo nimelipenda. Aliyaacha, akachora majani mengine upande wa pili: mama mdogo, kaka yangu, makanika mmoja wa Kilosa ambaye wamelala naye chini ya gari usiku mzima mvua ikinyesha, bibi yake.

Shina ndilo lililochukua muda. Alikuwa ameandika neno moja tu, "udereva", na kwake halikuhitaji nyongeza. Mshauri akamwomba asimulie safari moja yoyote, isiwe ya ajali wala ya ushujaa. Akasimulia safari ya kawaida ambayo bosi, kiti cha nyuma, alikuwa akigombana na mkewe kwenye simu, sauti ya chini, meno ameyauma.

"Wewe ulifanya nini?"

"Mimi? Sikufanya kitu. Niliongeza sauti ya redio kidogo."

"Kwa nini?"

"Ili aweze kuongea."

Mshauri akamwambia aliandike hilo kwenye shina. Akakataa, akasema hilo si ujuzi, ni ubinadamu. Wakabishana. Mwisho likaandikwa hivi, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: NAJUA WAKATI WA KUONGEZA SAUTI YA REDIO.

Aliponionyesha ile karatasi nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ilikuwa sahihi kabisa. Hivyo ndivyo alivyotulea. Siku nilipofeli mtihani wa darasa la saba na nikawa nalia chumbani, alikuja akawasha redio sebuleni, taarifa ya habari, sauti ya juu, akaondoka.

Alichokuwa anakikwepa kijiweni

Wote tulikuwa tumeshakubaliana kuhusu kijiwe. Aliacha kwenda kwa sababu ya unyonge; binamu yangu alisema "mzee ana mawazo", mama mdogo akaombea, mimi nikasoma makala za sonona kwenye simu na kuhesabu dalili.

Ikaja kujulikana kwenye kikao cha pili au cha tatu kwamba sababu ilikuwa nyingine.

Siku chache baada ya kukabidhi funguo alikwenda kijiweni kama kawaida, na wenzake wakamsogezea kikombe na benchi lote. "Sasa uko huru, mzee. Hebu tuambie. Ile hela ya barabara ilikwendaje? Na yule bwana mkubwa, ni kweli alikuwa na nyumba ndogo kule?" Walikuwa wanampa cheo kipya, tena cha heshima kijiweni: mzee anayejua mambo. Alitakiwa kulipia kwa kusema.

Hakusema. Wakamtania, wakamwita bubu wa halmashauri. Jumamosi iliyofuata vilevile. Akaacha kwenda.

Hapa ndipo mawazo yangu yote yalipopinduka, na bado sijamaliza kuyapanga. Sisi tulikuwa tunatazama mtu ambaye amepoteza kazi na hajui ajiite nani. Yeye alikuwa anatazama kazi ambayo haijaisha. Gari limerudishwa, lakini yale yaliyosemwa kiti cha nyuma kwa miaka yote hayakuwemo kwenye orodha ya makabidhiano, hakuna aliyeyapokea na kuyasainia. Bado anayo. Kuyabeba ndiyo sehemu ya udereva aliyoithamini kuliko usukani, na ndiyo sehemu ambayo hawezi kuisimulia mtu kikaoni akiulizwa anafanya shughuli gani.

Kwa mshauri hakutoa siri hizo pia, nijuavyo. Alichopata kule ni mtu wa kumwambia kwamba anazo.

Na zile aya mbili alizofuta zilikuwa kuhusu bosi mmoja. Sikumtaja jina wala mwaka. Akafuta.

Mashaka niliyonayo

Kuna msomaji ambaye hapa ameshaanza kusema: mambo ya wazungu haya, wazee wetu hawakuwa na mshauri wa kulipwa. Nimebishana na msomaji huyo kichwani kwa muda mrefu kwa sababu nusu yangu ni yeye.

Hoja yake ina uzito. Mabadiliko makubwa kwetu yalikuwa na njia yake. Mwali alitolewa nyumbani, akakaa ndani, akawa na kungwi au somo wa kumfunda, akatolewa nje kwa ngoma, na siku hiyo mji mzima ukajua wamwiteje. Mjane Mwislamu ana eda yake, miezi minne na siku kumi. Inaanza siku inayojulikana na kuisha siku inayojulikana, na katikati hapo hakuna anayemtaka awe mchangamfu. Arnold van Gennep, Mfaransa aliyeandika juu ya mila za namna hii mwaka 1909, alizigawa sehemu tatu: kutengwa, kukaa katikati, kupokelewa. Mstaafu wetu anapewa ya kwanza tu. Anatengwa kwa sherehe, wali na kuku, zawadi ya friji, hotuba. Hana mahali pa kukaa katikati wala siku ya kupokelewa.

Basi nikawa nimeshawishika kabisa kwamba tunachohitaji ni unyago wa wastaafu. Nilishaanza hata kuandika makala hiyo.

Shangazi akaniharibia. "Mimi nimechezwa," akasema. "Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Niliambiwa." Kungwi alikuwa na jibu kabla mwali hajaingia ndani: utakuwa mke, utakuwa mama, mambo ni haya na haya. Kulikuwa na usalama mkubwa ndani yake, shangazi hakatai, na kulikuwa na wasichana waliotaka jibu jingine na hawakupata pa kulisemea. Nikikumbuka familia yangu na yale mapendekezo yetu, sisi tulikuwa kungwi sita kwa mwali mmoja mwenye mvi.

Kwa hiyo simwoni mshauri kama mrithi wa kungwi. Mshauri mzuri ni yule anayeweza kukaa na karatasi iliyoandikwa "ibada" tu bila kuijaza. Wapo pia wasioweza. Nimesikia habari za mmoja aliyempa mstaafu kitabu cha ujasiriamali.

Shaka langu jingine ni la idadi. Tuliyempata sisi tulimpata kwa kujuana. Halmashauri zina maafisa ustawi wa jamii na huduma yao hulipii, ila pita ofisini kwao siku yoyote uone foleni ya mama wanaodai matunzo ya watoto, kisha umwambie baba yako akae nyuma ya foleni hiyo aeleze kwamba hajui kujitambulisha. Zimbabwe walijaribu njia nyingine: tangu 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza mtu kwa utaratibu maalumu. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Mara nyingine nawaza wauguzi wastaafu wa aina ya shangazi wakifundishwa hivyo. Halafu namwazia baba mdogo kwenye benchi la wazi, watu wote wa Kihonda wakipita, na najua asingekaa hata dakika moja. Alihitaji mlango unaofungwa.

Mifuko ya saruji

Anaendelea kwenda, si mara kwa mara, akijisikia. Ile manila ameiviringisha na kuiweka juu ya kabati. Haijapigwa fremu, na nimeambiwa nisilete wazo hilo.

Duka halijafunguliwa. Noah haijanunuliwa. Uzee wa kanisa ameuahirisha mpaka mwakani, na mchungaji ameshajua habari za mshauri, sijui kwa nani, si kwangu. Jumatano na Ijumaa asubuhi anakaa na vijana wawili wa mtaani wanaotaka leseni. Anawafundisha alama za barabarani kwa kuzichora mchangani, hachaji. Sehemu ya ardhi kwenye ule mti ina maneno mawili zaidi sasa. Kijiweni hajarudi, na hatumwombi arudi.

Nilimwuliza akiambiwa leo ajitambulishe atasemaje. Akasema inategemea anayeuliza anataka nini, akaniuliza mimi nataka nini. Nikasema nataka kumalizia makala. Akacheka.

Binamu yangu mkubwa bado hajakubali. Amepiga hesabu: kila kikao kimoja kwa yule mama, anasema, ni mfuko wa saruji na chenji inabaki. Vyumba vya nyuma vimesimama kwenye linta tangu Machi, nondo zimeanza kushika kutu, na mpangaji mmoja alishalipa kishika uchumba. Nimemwambia hesabu yake ni sahihi. Ameniomba basi nimsaidie kuongea na mzee kuhusu pesa ya bati, na nimemwambia sitaongea.